Tarzan wa Weissmuller alitoka bwawani, si Murchison

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Johnny Weissmuller, mwogeleaji wa Olimpiki aliyegeuka mwigizaji wa Tarzan, yule mtu wa msituni, ilikuwa na utamu wake, ila ilimpeleka marehemu mahali ambako kazi yake haikufika. Mwandishi anasema Tarzan wa kwanza mwenye sauti alipigiwa picha Maporomoko ya Murchison, Uganda, kwamba Weissmuller alipeperuka mwenyewe kwenye mbugu, na kwamba maneno anayowaamuru tembo ni "Kiswahili cha zamani". Hakuna hata moja lililo sawa, na ukilifuatilia kila kosa unagundua jinsi nyota huyu alivyotengenezwa.

Filamu sita za Tarzan alizofanya na studio ya MGM, kuanzia 1932 hadi 1942, zilipigwa Marekani: sehemu kubwa California, na picha za chini ya maji zikapelekwa Florida baadaye. Murchison ni ya filamu nyingine, Trader Horn. Mwaka 1929 mwongozaji W. S. Van Dyke alifika Afrika Mashariki na kikosi chake akapiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Filamu ikatoka 1931, na studio ikabaki na mikanda mingi ya wanyama, mito na watu ambayo haikutumika. Mali kama hiyo hailazwi stoo. Van Dyke huyohuyo akapewa Tarzan the Ape Man, ile ya kwanza ya 1932, na mabaki yale yakawa ndiyo "Afrika" yake.

Ushahidi uko wazi kwa anayetaka kuutafuta. Maureen O'Sullivan, aliyecheza Jane, anapofika kwenye kituo cha biashara, watu wanapita nyuma yake wakiwa kwenye pazia. Projekta iliwekwa nyuma ya pazia hilo, waigizaji wakasimama mbele, kamera ikapiga vyote kwa pamoja. Kasoro za ufundi huo hujitaja zenyewe. Picha ya nyuma ni nakala ya nakala, kwa hiyo ina chembechembe na ukungu, wakati uso wa mwigizaji uko safi. Taa za studio zinamwangaza kutoka upande mmoja, jua la Afrika linawapiga watu wa nyuma kutoka upande mwingine, na vivuli havielewani. Tena hakuna anayevuka kutoka nyuma kuja mbele, kwa sababu hakuna pa kupita.

Tembo nao wanajieleza. Studio ilikodi tembo wa Asia, waliozoeshwa kazi ya sarakasi, ikawavika masikio makubwa ya bandia. Usiangalie masikio basi, angalia mgongo: wa Asia umebinuka juu kama mtumbwi uliofunikwa, wa Afrika umebonyea katikati. Kisha tazama paji la uso. La Asia lina vilima viwili, la Afrika ni mviringo mmoja. Mkonga wa Asia una kidole kimoja kwenye ncha, wa Afrika una viwili. Picha mliyochapa ukurasa wa pili, yenye maelezo "Tarzan na ndovu wa Uganda", ina mgongo wa Asia usio na shaka. (Wale "mbilikimo" wa filamu ya 1932 walikuwa Wazungu wafupi waliopakwa rangi nyeusi. Jambo hilo mwandishi wenu hakuligusa, na lilistahili walau sentensi moja.)

Kuhusu lugha, neno "ungawa" ni la kubuni, lililotungwa kwa ajili ya skripti. Linatumika kumwambia tembo ainuke, alale, aende, arudi, na kumwambia sokwe aache utundu. Neno letu lililo karibu nalo ni "ingawa", na hatujawahi kuona tembo aliyesimama kwa kuambiwa ingawa. Jina lenye asili ya kwetu katika filamu ile ni moja, na makala haikulitaja: magema ambayo wasafiri wanapaswa kuyapanda ili wafike nchi ya Tarzan yanaitwa Mutia. Yalipewa jina la Mutia Omoolu, Mkenya aliyecheza msaidizi wa Horn katika Trader Horn, akafanya kazi nzuri hadi akapelekwa Hollywood kwa picha za marudio. Gazeti la huku kwetu likiandika habari za Tarzan bila kumtaja Mutia, limeacha kiini.

Turudi kwa Weissmuller mwenyewe. Alizaliwa tarehe 2 Juni 1904 huko Freidorf, wakati huo ikiwa ndani ya Austria-Hungaria, leo ni sehemu ya mji wa Timișoara, Romania. Wazazi wake walihamia Marekani akiwa mtoto mchanga. Ili apate kuiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya 1924, kumbukumbu za kuzaliwa za mdogo wake Peter, aliyezaliwa Pennsylvania, zilitumika kama zake. Ndiyo maana vitabu vingi vya zamani vinamtaja kama mzaliwa wa Pennsylvania, na ndiyo maana nanyi mkaandika hivyo.

Alilelewa kimchezo Chicago na kocha William Bachrach. Tarehe 9 Julai 1922 aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 58.6, binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika moja, akiivunja rekodi ya Duke Kahanamoku wa Hawaii. Februari 1924 akaishusha hadi 57.4, na rekodi hiyo ikadumu miaka kumi. Paris 1924 alichukua dhahabu tatu: mita 100 kwa sekunde 59.0, mita 400 kwa dakika 5 na sekunde 4.2, na kupokezana 4 x 200, pamoja na shaba ya polo ya majini. Amsterdam 1928 akaongeza dhahabu mbili.

Rekodi zinajulikana. Mtindo wake hauzungumzwi sana, na huo ndio uliomfanya nyota. Weissmuller aliogelea kifua kikiwa juu, mgongo umepinda, kichwa kimetoka majini, akipumua kushoto na kulia huku akiwatazama wapinzani. Mwogeleaji wa leo angekatazwa siku ya kwanza. Kichwa kikipanda, nyonga huzama. Nyonga zikizama, maji huukwamisha mwili. Anayetaka kubaki juu hana budi kupiga miguu kwa nguvu bila kukoma, mateke sita kwa kila mzunguko wa mikono, na mapaja huisha pumzi kabla ya mabega. Miguu ya Weissmuller ilibeba gharama hiyo. Kwa kamera, hasara ile ikageuka faida: mwogeleaji anayetumbukiza uso, ukimpiga picha kutoka ukingoni, utaona kiwiko na povu. Weissmuller unaona uso, kidevu na kifua kikipasua maji kama mashua. Hakuna mwigizaji mwingine wa zama zake aliyeweza kukimbizwa majini na mamba huku mtazamaji akimsoma usoni.

Baada ya Amsterdam aliajiriwa na kampuni ya BVD kutangaza nguo za kuogelea. Mwandishi wa skripti Cyril Hume alimwona bwawani Hollywood, akamtaja kwa Van Dyke. Tangu hapo, studio ilifanya kazi ya kuficha asichokiweza na kuonyesha anachokiweza. Hakuwa msemaji, hivyo Tarzan akanyimwa maneno. Katika vitabu vya Edgar Rice Burroughs, Tarzan ni bwana wa Kiingereza anayesema lugha kadhaa. Katika filamu anagusa vifua tu, chake na cha Jane, akirudia majina yao. Ile sentensi maarufu ya "mimi Tarzan, wewe Jane" mliyoiweka kwenye kichwa cha habari haimo katika filamu hiyo. Itazameni tena mwanzo hadi mwisho.

Hakuwa mtu wa sarakasi pia. Kule juu mitini anayeruka ni Alfredo Codona, bingwa wa bembea za sarakasi, na hiyo "mbugu" ni bembea iliyofichwa. Mbugu halisi zina mizizi ardhini na hukwama matawini. Ukining'inia nao utabembea kidogo na kusimama, au utaangukiwa na tawi bovu. Ili mtu apite hewani, aiachie kamba na kudaka nyingine, kamba zote zifungwe juu sana, kwa urefu uliopimwa, na anayezidaka awe ameishi kazi hiyo. Ndiyo sababu picha hizo zinapigwa kwa mbali, na zilirudiwa katika filamu zilizofuata.

Kuhusu ule ukelele maarufu wa Tarzan, studio ilitaka watu waamini ni sauti zilizochanganywa na mafundi, Weissmuller akashikilia kuwa ni koo lake. Sikilizeni wenyewe: nusu ya pili inafanana mno na nusu ya kwanza ikichezwa kinyumenyume. Sisi tunaona ni sauti ya mtu iliyopita mikononi mwa mafundi.

Majini hapakuwa na haja ya kuficha. Tarzan and His Mate ya 1934 ina kipande cha kuogelea chini ya maji ambamo aliyekuwa hodari sawa naye ni Josephine McKim, mwogeleaji wa Olimpiki aliyeshika nafasi ya O'Sullivan. Alikuwa uchi, wakaguzi wa maadili wakakiondoa, kikarudishwa miongo mingi baadaye. Kwa filamu ya 1939 MGM walivuka nchi nzima hadi Silver Springs, Florida, kwa sababu maji ya ziwa la kawaida yana tope, na mita chache mbele ya lenzi mtu hugeuka kivuli. Chemchemi ile inatoka kwenye mawe ya chokaa, ni angavu kama kioo, na joto lake hukaa karibu nyuzi 22 mwaka mzima.

Baada ya 1942 alifanya Tarzan sita nyingine kwa mtayarishaji Sol Lesser, ya mwisho ikipigwa Acapulco, Mexico, na kutoka 1948. Jumla kumi na mbili, si kumi na nane kama mlivyoandika. Tunadhani mwandishi alichanganya na filamu za Jungle Jim, mhusika wake mwingine wa msituni, ambamo Weissmuller alivaa shati kwa sababu mwili haukuwa ule tena. Alifariki Acapulco tarehe 20 Januari 1984, na jeneza likishushwa kaburini ulipigwa ule ukelele uliorekodiwa.

Tunaomba msahihishe mahali alipozaliwa, idadi ya filamu na maelezo ya ile picha ya ukurasa wa pili. Na mkipata nafasi, chapeni picha ya Mutia Omoolu.

Wasomaji wenu, wapenzi wa filamu za kale,
Mombasa