Akwariamu ya Kiholanzi siyo pori jamani

Mhariri,

Salaam kwako na wenzako hapo gazetini. Nimeisoma ile makala yenu ya samaki wa mapambo mpaka mwisho na nashukuru mmeandika, maana hobi hii kwenye magazeti yetu huwa haiguswi kabisa, ila kuna mambo siwezi kuyapita kimya kimya. Mmeeleza kwamba akwariamu ya Kiholanzi ni tangi ambalo mtu anajaza mimea mingi alafu anaiacha ijiotee mpaka lifanane na pori. Sio kweli, ni bustani ya chini ya maji inayopangwa kwa vikundi na kukatwa kwa mkasi kila mara. Na ile picha mliyoiandikia chini "mtindo wa Kiholanzi" ina jiwe kubwa, ina mizizi mikavu ya mti na nyasi fupi chini, huo ni mtindo wa Japani, wa marehemu Takashi Amano yule mpiga picha wa Niigata aliyefariki 2015, ukimwonyesha mzee wa Kiholanzi mwenye hobi hii atakuuliza sasa mimea yenyewe iko wapi.

Mi naishi huku Uholanzi na tangi langu liko sebuleni, kwa hiyo naandika kitu ninachokishika kwa mikono kila wiki.

Mtindo huu ulishika huku tangu miaka ya 1930, enzi ambazo hakukuwa na taa za LED wala mitungi ya gesi ya kaboni dayoksaidi ya kulisha mimea wala mbolea za chupa, watu walikuwa na kioo, udongo, taa ya kawaida na mkasi. Wana chama chao cha kitaifa kinaitwa NBAT na chama hicho kina mashindano ambayo mi nayapenda sana kwa sababu tangi halipelekwi popote, waamuzi ndo wanakuja nyumbani kwako, wanakaa kwenye kochi lako, wanaangalia, wanapima maji, wanaandika alama. Na alama hazitolewi kwa uzuri wa macho tu, wanaangalia afya ya samaki na mimea, wanaangalia kama samaki uliowaweka wanapatana na maji hayo na wanapatana wao kwa wao, alafu ndo mpangilio. Sasa mtu niambie, pori gani linakaguliwa hivyo?

Hesabu inayotumika huku ni aina kama tatu za mimea kwa kila sentimita 30 za urefu wa tangi, yaani mwenye tangi la sentimita 120 anaishia kwenye aina 12 hivi, na hapa ndo wengi wanashindwa maana ukienda dukani kila mmea unakuita, unarudi nyumbani na mfuko wa aina kibao shina mbili mbili, ukizipanda zote jicho halijui litue wapi. Waholanzi wanapanda kwa vikundi. Aina moja kikundi kimoja mahali pamoja, na kati ya kikundi na kikundi wanaacha kiupenyo kidogo ili kila kimoja kionekane kinapoanzia na kinapoishia. Jani pana linakaa karibu na jani jembamba, kijani kibichi karibu na kijani kilichokolea, na ukiweka mimea miwili yenye majani yanayofanana ubavu kwa ubavu mwamuzi atakukata alama hata kama yote miwili ina afya ya kutosha. Sakafu karibu yote inapandwa, watu husema asilimia 70 au zaidi, na mawe na magogo kama yapo basi yamejificha, kazi yake ni kushikilia udongo wa nyuma uwe juu kidogo kuliko wa mbele.

Alafu nyekundu. Hii naomba niiseme taratibu kwa sababu picha za mitandaoni zimewaharibu watu, unakuta tangi zima jekundu, pinki, zambarau, linawaka tu. Kwenye mpangilio wa Kiholanzi mmea mwekundu, tuseme Alternanthera reineckii, unawekwa mmoja wa kushika jicho, na hauwekwi katikati ya tangi kamwe, unawekwa kwenye theluthi, ama ya kushoto ama ya kulia, alafu kijani chote kinachobaki ndo kinaufanya uonekane mwekundu kweli. Ukiweka nyekundu tano hakuna hata moja itakayoonekana.

Kitu ambacho ningefurahi sana kukiona kwenye makala yenu ni mtaa wa Leiden, na hamkuugusa hata kwa mstari mmoja! Ni safu ya mmea wa aina moja, mara nyingi Lobelia cardinalis au Saururus cernuus, yote asili yake bara la Amerika, inaanzia karibu na kioo cha mbele na kupanda mshazari kuelekea nyuma, mbele shina fupi kabisa, nyuma refu, kama wanafunzi waliopangwa mstarini asubuhi kwa urefu, na safu yenyewe inazidi kuwa nyembamba inavyokwenda nyuma. Jicho linadanganyika. Tangi lenye kina cha sentimita 50 kutoka mbele hadi nyuma unaliona kama linaendelea mbali sana. Wanachagua Lobelia kwa sababu chini ya maji inakua polepole na shina linasimama wima, mmea wa haraka ungevuruga ngazi hizo ndani ya siku chache. Na bado inabidi uutunze, shina la mbele likishakuwa refu unaling'oa unalihamishia nyuma, la nyuma lililozidi unalikata kichwa, kichwa hicho kinaenda kupandwa mbele, hivo hivo linazunguka, mtaa uko pale pale lakini mimea yake inahama kila mara.

Kwa hiyo mkasi ndo kila kitu. Mimea ya shina kama Hygrophila, Limnophila na Rotala inakua haraka mno kwenye mwanga mzuri, na ikifika juu inajikunja inatandaa usoni mwa maji, chini kunakuwa giza, majani ya chini yanadondoka unabaki na vijiti. Dawa yake ni kukata vichwa vilivyo na afya, kuvipanda upya kimoja kimoja kwa kibano na sio kuvifunga kitita, na vile visiki vya chini vilivyochoka unaving'oa na kuvitoa. Unapanda kwa nafasi, mwanga ufike mpaka chini ya shina. Na hukati kwa usawa kama uzio, unakata mbele chini na nyuma juu ili kikundi kiwe na mteremko. Kuna mimea haitaki fujo hii, Cryptocoryne kwa mfano ukiihamisha inaweza kuyeyusha majani yake yote ndani ya siku chache ukadhani imekufa, wewe iache, mizizi ipo hai itatoa mengine, ila ndo uwe umeamua mapema itakaa wapi maana haipendi kubadilishiwa makazi.

Sasa kuna pale mlipoandika hii ni hobi ya matajiri. Hapa mmechanganya. Ule mtindo wa kwenye picha yenu, ndio, mawe maalumu na mizizi ya kuagiza yanakula hela. Wa Kiholanzi unataka zaidi muda na mikono kuliko pesa, na mtu wa Dar au Mombasa anaweza kabisa. Mimea inajizalisha, ukipata shina tano za Hygrophila kwa rafiki, ukikata na kupanda kwa mwendo huo una kikundi kizima bila kurudi dukani. Kwa tangi dogo gesi ya kaboni dayoksaidi watu wanaitengeneza kwa chupa ya soda, sukari, maji na hamira, mrija unaingia majini, mapovu madogo madogo, kazi inaendelea. Lengo la wengi ni kama miligramu 30 kwa lita na msizidishe, mkiona samaki wamepanda juu wanahema gesi imewazidi, ipunguzeni na mtikise uso wa maji upesi. Taa saa nane kwa siku zinatosha kuanzia, na msiweke tangi dirishani penye jua la moja kwa moja, mtavuna mwani mpaka mchoke.

Joto ndo shida ya kweli ya pwani, hilo nakubali. Mimea mingi ya mtindo huu inafurahia nyuzi 24 mpaka 26, na maji yakipanda kufika 29 au 30 gesi haikai majini vizuri na mimea mingine inasinyaa. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha joto kwa sababu maji yanavukizwa, ila itabidi uongeze maji mara kwa mara. La maana zaidi ni kuchagua mimea isiyodeka, Vallisneria, Hygrophila, Cryptocoryne wendtii, hizi zinavumilia, na mpangilio mzuri wa mimea rahisi unapata heshima kuliko mimea migumu inayokufa kufa. Samaki pia chagueni vizuri jamani. Makala imeshauri watu waweke samaki wa Ziwa Tanganyika na mbuna wa Ziwa Malawi ndani ya tangi la mimea kwa kuwa "ni wa kwetu". Ni wazuri sana hao samaki lakini wengi wao wanachimba mchanga, mbuna wanatafuna, na maji wanayoyataka ni magumu, mimea mingi ya mpangilio huu haiyapendi. Wapeni tangi lao la mawe wawe na amani. Mkitaka wa Afrika wekeni tetra wa Kongo, anaishi kwa kundi, anapenda kuogelea katikati ya maji, ila tangi liwe refu.

Na mkizungumzia vya kwetu mngeanza na mimea. Anubias ambayo kila duka la samaki huku linayo ni ya Afrika Magharibi na Kati, inaota kwenye mawe na magogo ya mito na vijito kule Kamerun na nchi jirani, na uchambuzi mkubwa wa jenasi yake yote ulitolewa huku huku Wageningen mwaka 1979 na mtafiti Crusio. Bolbitis heudelotii ile jimbi ya majini yenye kijani kama chupa ni ya Afrika. Yungiyungi la Nymphaea lotus lenye majani mekundu ni la Afrika. Sisi tunasoma juu ya mimea hii kwa watu waliokuja kuichukua, sijui kwa nini kwenye tangi za nyumbani kwetu haionekani sana.

Nimalizie na jambo ambalo makala haikuligusa kabisa na kwa maoni yangu lilitakiwa liwe juu kabisa. Mtu anayepanda kwa mtindo huu kila wiki anatoa ndoo ya vipande. Vinaenda wapi? Ziwa Victoria linatuambia, gugumaji lile asili yake ni Amerika ya Kusini, watu walilisambaza duniani kwa ajili ya ua lake zuri, mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana ziwani na mnajua wenyewe Kisumu na Mwanza walichopitia, mitumbwi kukwama, samaki kukosa hewa, mpaka ikabidi waletwe wadudu wa kulitafuna. Huku nako wamekipata. Hydrocotyle ranunculoides iliziba mifereji ya Uholanzi mpaka ikapigwa marufuku kuuzwa, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha ya viumbe vamizi ambavyo ni marufuku kuviuza wala kuvifuga, humo yumo gugumaji, yumo Cabomba caroliniana ambayo wazee wa akwariamu waliipanda miaka na miaka, na yumo Lagarosiphon major ambayo asili yake ni Kusini mwa Afrika, yaani safari hii mmea wetu ndo ukawa mvamizi kwao.

Huku baridi inaua mingi ya mimea ya kitropiki ikitupwa nje. Kwetu hakuna baridi ya kutuokoa, kipande cha shina chenye pingili moja tu kikiingia mtaroni mvua ikaja kinafika mtoni kiko hai na kinaanza maisha. Kwa hiyo anayepanda asimwage maji ya tangi kwenye mtaro wala asitupe vipande mtoni hata kama anaona huruma kuviua. Vianikwe juani kwenye bati mpaka viwe vikavu vinavunjika mkononi, alafu ndo vizikwe shambani, na maji ya tangi yamwagiliwe mchicha, yana mbolea ya samaki na mchicha unayapenda. Mkiandika tena juu ya hobi hii naomba mstari huo msiukate hata nafasi ikiwa ndogo.

Msomaji wenu,
Delft, Uholanzi