Kalibu za sabuni zimo jikoni, ila si kila kopo linafaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nizungumzie jambo linalowagusa akina mama na vijana wengi wanaotengeneza sabuni za vipande majumbani, nalo ni kalibu za kumiminia sabuni. Katika mafunzo ya ujasiriamali niliyohudhuria hapa Tanga, mkufunzi alikuja na kalibu za silikoni za kuuza, akazipanga mezani kabla hajagusia namna ya kupima mafuta, na baadhi ya wenzangu waliondoka wakiamini kwamba bila hizo hakuna sabuni. Kikundi kinachotegemea mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hakina sababu ya kuanza na maumbo ya maua na nyota, ilhali fedha hiyo ingenunua mafuta ya nazi au ya mise (kokwa za michikichi), pamoja na mzani. Mzani ndio usiokwepeka, kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya nazi haipaswi kutiwa kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, zaidi ya gramu 183 hivi. Ikizidi, sabuni humchubua mtumiaji.

Kuhusu kalibu, vyombo vya nyumbani vinatosha. Kopo la plastiki la siagi, ambalo mdomo wake ni mpana kuliko kitako, huachia sabuni bila taabu ukiligeuza na kuliminya ubavuni. Pakiti ya karatasi ya maziwa, ikichanwa siku ya pili, hutoa mche mzima ulionyooka, ambao hukatwa vipande na kuanikwa kivulini kwa wiki 4 hadi 6. Hata boksi la viatu hufaa, mradi litandikwe nailoni nzito isiyo na tundu na kunyooshwa vizuri pembeni, maana kila kunjo la nailoni huacha alama kwenye sabuni, na mteja wa sokoni huiona alama hiyo kabla hata hajainusa.

Kinachonitia wasiwasi ni wale wanaotoa ushauri wa kutumia chochote kilichopo, pasipo kuweka mipaka. Sufuria zetu nyingi, pamoja na vyombo vingi vya kuokea keki, ni vya aluminiamu, na aluminiamu ikikutana na kostiki soda huliwa, mchanganyiko hububujika na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa urahisi. Sasa fikiria hayo yakitokea kando ya jiko la mkaa. Baadhi ya pakiti za juisi nazo zina utando wa aluminiamu chini ya plastiki ya ndani, kwa hiyo iliyokwaruzwa isitumike. Chupa za maji ya kunywa, zenye namba 1 kitakoni, hunywea kwa joto, na sabuni mbichi hujipasha yenyewe ikiwa ndani ya kalibu. Afadhali plastiki yenye namba 2 au 5. Vyombo vya kioo mimi sivipendi, kwa kuwa sabuni hung'ang'ania humo. Makopo ya viuatilifu hayafai kabisa, hata yakioshwa mara ngapi.

Aidha, kopo lililokwisha kumiminiwa sabuni lisirudi kwenye chakula. Litiwe alama ya rangi inayoonekana na kuwekwa mbali na kabati la vyombo, kwa sababu siku mama akiwa safarini, atakayeingia jikoni hatajua lilifanya kazi gani. Hatari kubwa zaidi ni maji ya kostiki soda yanayohifadhiwa katika chupa za soda: hayana rangi, mtoto mwenye kiu hawezi kuyatofautisha na maji ya kunywa, na yakimezwa huunguza kinywa na umio. Nawaomba maofisa maendeleo ya jamii wa kata, ambao ndio walezi wa vikundi hivi, wawatake wakufunzi walifundishe hili siku ya kwanza, kostiki soda ikiwa bado haijafunguliwa.

Msomaji wako,
Tanga