Kabati moja, maboksi matatu, nauli mara mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero ya maduka ya mtandaoni yanayouza bidhaa moja na kuisafirisha katika maboksi kadhaa. Mwezi uliopita niliagiza kabati la nguo kutoka duka moja la Dar es Salaam, nikalipia kwa simu pamoja na nauli ya mzigo hadi Mbeya. Nilipofika stendi nilikabidhiwa maboksi mawili, moja limeandikwa kwa maka peni “1/3” na jingine “3/3”. Lile la “2/3”, lenye bawaba, skrubu na karatasi ya maelekezo, lilikuja kwa basi jingine siku nane baadaye, nami nikatozwa nauli upya.

Sipingi kugawa mzigo, kwa kuwa kabati zima haliingii kwenye buti ya basi, na wasafirishaji wengi hutazama ukubwa wa boksi, si uzito pekee. Ninachodai ni muuzaji aonyeshe idadi ya maboksi na nauli ya yote kabla mteja hajalipa, na siku za kurejesha bidhaa zihesabiwe tangu boksi la mwisho lipokelewe. Nilipolalamika, niliambiwa kuwa siku zangu saba zilianza nilipochukua boksi la kwanza, yaani zilikwisha kabla sijaona hata skrubu moja.

Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, iyaelekeze maduka haya kuhusu jambo hili.

Mteja,
Mbeya