Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kuuza Kazi Zetu Mtandaoni

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu waasisi, wachoraji na wachongaji wenzangu,

Hesabu za mapato na matumizi atazisoma Mweka Hazina baada yangu, na mkaguzi ameshazipitia, kwa hiyo sitazigusa. Habari za paa la banda la maonyesho zimo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Muda wangu nitautumia kwa jambo lililotutoa jasho vikaoni mwaka mzima, nalo ni kuuza kazi zetu mtandaoni.

Nitaje msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Kuonekana tumeshajifunza. Kuuza bado. Karibu kila mwanachama ana ukurasa Instagram, vijana wako TikTok wanarekodi mkono unavyochora twiga kuanzia kwato hadi pembe, na video hizo zinatazamwa kweli. Lakini mwulize mwenye wafuasi wengi kuliko wote ni nani alinunua kazi yake ya mwisho. Jina hana, namba hana, na hajui picha imetundikwa mji gani.

Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa kwenye vipande vya mbao za dari, hakungoja kutafutwa. Kazi zilipelekwa Morogoro Stores, Oysterbay, kwenye maduka ambako wageni wa jiji walikuwa wakifuata mahitaji yao, zikaanikwa hapo wanapopita. Alifariki mwaka 1972, na miaka hiyo michache ilitosha kuacha mtindo wenye jina lake. Hadi leo mteja akisimama kibarazani pale akauliza bei, anajibiwa hapo hapo. Sisi tuliohamia kwenye simu tunaweka picha nzuri, halafu chini tunaandika: "Bei njoo inboksi."

Hili la bei lilizua mabishano makali kwenye kikao cha Juni, nami nalirudia kwa makusudi. Mtu yuko Hamburg, ametoka kazini, ameona picha ya samaki imempendeza. Anauliza bei. Mwenye picha bando limeisha, anajibu kesho kutwa, tena kwa swali: "Unatoka nchi gani?" Mgeni si mjinga, anajua bei inapimwa kwa pasipoti yake, basi anaondoka. Waliopinga walikuwa na hoja ya maana: ukitangaza bei, mwenye duka la hoteli anayenunua kwako kwa jumla ataiona ya rejareja, na jirani yako wa banda la pili ataweka yake chini kidogo. Hoja ya duka la hoteli naikubali. Dawa yake ni kumpa mwenye duka vipimo vyake peke yake, vile vidogo vinavyoingia kwenye sanduku la mtalii, na mtandaoni ukauza vikubwa. Hoja ya jirani siikubali. Jirani anayekuvizia bei anaijua tayari, maana mnakunywa chai meza moja.

Kwa hiyo Kamati imeamua kwamba kazi yoyote itakayowekwa kwenye ukurasa wa chama iambatane na kipimo kwa sentimita, aina ya rangi au mti, mwaka, bei kwa shilingi na kwa dola, na maelezo kama fremu imo au haimo. Asiyetaka kuandika bei ana ukurasa wake mwenyewe, hatumkatazi.

Mafunzo ya kupiga picha ndiyo yaliyoleta faida ya haraka. Rangi zetu zinang'aa, na ukiwasha mwanga wa simu unapata doa jeupe katikati ya tumbo la tembo. Yule binti aliyetufundisha alituamuru tutoke nje asubuhi, jua likiwa bado upande wa pili wa nyumba, tusimamishe picha ukutani kivulini, simu iwe usawa wa katikati ya picha na isiinamishwe, kisha tupige nyingine ya karibu inayoonyesha saini na michirizi ya brashi. Picha ya tatu mtu aishike kazi kwa mikono miwili, mnunuzi ajue ukubwa wake. Hakuna kamera iliyonunuliwa. Mzee mmoja wa vinyago, ambaye kwa miaka alikuwa akipiga picha zake juu ya kitenge chenye maua, alikubali kubadilisha kitenge hicho na shuka jeusi, ingawa alinung'unika hadi saa sita.

Malipo ya ndani hayana shida, lipa namba inafanya kazi na risiti inabaki kwenye simu. Taabu iko kwa mteja wa nje. Huduma moja ya malipo inayotumika dunia nzima imewaruhusu wanachama wetu kulipa watu, si kulipwa. Matokeo yake wengine wanapitishia fedha kwa mpwa aliyeko Ulaya, na mpwa naye ana shida zake. Benki kwa benki ni salama, ila makato yanaila picha ndogo. Njia iliyotufaa ni kampuni za kutuma fedha zinazoingiza moja kwa moja kwenye akaunti ya simu. Yoyote utakayotumia, kazi isitoke banda mpaka fedha iwe imeingia na umeiona kwa macho yako. Picha ya risiti aliyokutumia mteja si fedha.

Hapo niwatahadharishe na barua ambayo wengi mmeipokea, maneno yakibadilishwa kidogo tu. Bwana mmoja anampenda mkewe, wanaadhimisha ndoa, anataka picha tatu bila kupunguziwa hata senti. Atatuma hundi yenye kiasi kilichozidi, nawe umlipe "msafirishaji wake" hiyo tofauti. Hundi ni feki. Benki ikija kuligundua, fedha uliyompa msafirishaji imeshakwenda, na mara nyingi na picha pia. Mnunuzi wa kweli hubishana bei.

Kwenye usafirishaji mwaka huu mambo yamebadilika, nasi tulichelewa kupashwa. Tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha wa ushuru uliokuwa ukivihusu vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Mashirika ya posta ya nchi nyingi yalisimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko. Picha iliyochorwa kwa mkono ina nafuu yake kwenye sheria za forodha za Marekani, lakini nafuu hiyo huipati kama fomu umeandika "zawadi" au "mapambo ya nyumba" kama tulivyozoea. Andika ni mchoro halisi wa mkono, jina la msanii, mwaka na thamani ya kweli. Turubai likunjwe kwenye bomba la plastiki, rangi ikitazama nje, na liwe limekauka sawasawa. Rangi ya kung'aa inakuhadaa: juu ngumu, ndani mbichi.

Wachongaji wa mpingo mna mzigo zaidi. Jamii yote ya miti hiyo iliingizwa mwaka 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliachia bidhaa zilizokamilika ambazo uzito wa mti wake hauzidi kilo 10 kwa shehena moja, kwa hiyo kinyago cha kawaida kinapita bila kibali cha CITES. Ule mti wa ujamaa, yaani kinyago cha watu waliobebana, wa kimo cha mtu haupiti. Kabla ya kumwahidi mteja, weka kazi kwenye mzani. Na stakabadhi za mti wenyewe kutoka kwa watu wa misitu zitunzeni.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ikakatika nchi nzima na kukaa hivyo siku kadhaa. Sitajadili siasa katika mkutano huu, katiba yetu hairuhusu. Ninasema tu kilichotokea kwa biashara: oda zilizokuwa katikati ya mazungumzo nyingi zilikufa. Waliopona ni wale waliokuwa na majina, namba na barua pepe za wateja wao kwenye daftari, maana walijua wamtafute nani. Hali kama hiyo ilimpata pia mwenzetu aliyedukuliwa ukurasa mwezi Machi. Alipoteza picha zote na wateja wote siku moja, kwa sababu vyote viliishi ndani ya ukurasa ule. Washeni uthibitisho wa hatua mbili leo hii kabla hamjaondoka. Katibu atamsaidia asiyejua.

WhatsApp ya biashara haina malipo na ina katalogi, lakini nayo iko kwenye simu, na simu huibiwa. Daftari la karatasi bado lina kazi.

Kuhusu kunakiliwa, malalamiko yaliyofika ofisini ni ya aina mbili, na watu wanayachanganya. Anayechora simba kwa mtindo wa Tingatinga hajakuibia, mtindo hauna mwenyewe kisheria, na wengi wetu humu ndani tungekuwa washtakiwa. Anayechukua picha uliyochora wewe, akaichapa kwenye fulana au vikombe, huyo amekuibia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada yako, na kumuuzia mtu mchoro si kumuuzia haki ya kuuchapa. Ulinzi huo unao hata kama hujasajili, ila kazi ikiwa imesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ushahidi unakuwa mwepesi. Siku hizi kuna na programu za akili mnemba zinazotoa "Tingatinga" kwa sekunde. Sina hofu nazo kama baadhi yenu mlivyo. Mnunuzi anayetaka kitu kilichoguswa na mkono ataendelea kuutaka mkono, alimradi tumwonyeshe. Ndiyo maana nawatetea vijana wa TikTok wanapozomewa na wazee kwamba wanacheza: video ya saa nzima ya kazi, iliyobanwa kuwa ya dakika moja, ni ushahidi kwamba kazi ni yako.

Naomba mkutano upigie kura mambo matatu. Ada ya mwaka iongezwe kwa kiasi atakachokitaja Mweka Hazina, ili tununue mzani na mabomba ya kufungashia kwa jumla. Ukurasa wa chama uwe na wasimamizi wawili badala ya mmoja, na nywila ihifadhiwe na Katibu kwenye bahasha iliyofungwa. Na kila kazi itakayouzwa kupitia chama iandikwe kwenye daftari kuu pamoja na jina la mnunuzi, mji wake na mawasiliano yake, kwa idhini yake. La tatu najua lina wapinzani, kwa kuwa wapo wanaohofia viongozi watawachukua wateja wao. Daftari litafungiwa kabatini, na ukurasa wa mwanachama atausoma yeye na Katibu tu. Mwenye pendekezo bora zaidi ya hilo asimame sasa, kabla hatujaanza kuhesabu mikono.