Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wanaotumia Oksijeni Nyumbani

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: kutembelea wagonjwa, kubadilisha mipira ya puani, semina ya kuepusha moto karibu na oksijeni. Zote zimefanyika.

Nije kwenye jambo lililoleta maneno tangu Julai, yaani kuhamishwa kwa mashine moja ya kuchuja oksijeni hewani, kati ya 4 za chama, kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mama mmoja. Imesemwa nimempokonya mzee pumzi yake. Uamuzi huo niliusimamia mimi, na nausimamia hata leo. Mzee wetu hadaiwi hata senti, na heshima yake iko palepale. Lakini nilifika kwake mara 3, nikamkalisha nusu saa bila mashine, kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, kikasoma 93, 94, 93. Mashine niliikuta sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, kichujio kimeganda vumbi. Akipanda ngazi anahema, ni kweli, ila si kila anayehema amepungukiwa oksijeni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2016 haukuona oksijeni ya nyumbani ikiwaongezea maisha wenye upungufu wa wastani. Daktari wake aliridhia kwa maandishi. Akishuka hadi 88, mashine itamrudia.

Mama aliyeipokea, kifua kikuu kilimwachia makovu kwenye mapafu. Alisoma 84, kucha za bluu. Mgonjwa wa namna hiyo huagizwa atumie oksijeni saa 15 au zaidi kila siku, za usingizi zikiwemo. Mtungi wa oksijeni wa lita 6,800, kwa lita 2 kila dakika, haumalizi siku nne. Nyumbani kwake walishauza cherehani kulipia mitungi. Mnasema hajalipa ada. Ndiyo, hajalipa, nami niliona ada itasubiri. Bajaji ya kuipeleka nililipa mfukoni mwangu, na umeme wa LUKU wa wiki ya kwanza pia, maana mashine inakula uniti 5 na ushee kwa siku.

Kinachoniuma ni kwamba waliolalamika hawakuja. Kikao cha Agosti kiliitishwa kwa ajili ya suala hilihili, tukakaa watu 11 kati ya 62. Waliokamilisha ada ni 19 tu. Ada iliingia shilingi 1,480,000, michango 860,000, jumla 2,340,000; matumizi 2,115,000, zimebaki 225,000. Pampu ya mashine moja ikifa leo, fedha hizo hazitoshi kuifufua.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata mashine nyingine na betri za kutuvusha umeme unapokatika. Mazungumzo na wadau yanaendelea.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti