Profaili za kerneli ziwe fupi

Ndugu Mhariri,

Hoja kwamba kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, isanidiwe kwa profaili (seti za machaguo ya ujenzi) zilizo tayari, ya seva kivyake na ya laptopu kivyake, ni njema, ila sehemu kubwa ya kazi hiyo imo tayari ndani ya kerneli yenyewe. `make defconfig` huleta msingi wa aina ya prosesa unayoijengea. `make kvm_guest.config` huongeza yale yanayohitajiwa na mashine pepe. Katika folda ya `kernel/configs` kuna vipande vingine, kama `tiny.config` na `hardening.config`. Tatizo liko kwenye kile ambacho watu wanakiita profaili.

Mtu huchukua faili zima la `.config`, linalohifadhi machaguo yote ya ujenzi kwa maelfu ya mistari, akamgawia mwenzake. Kerneli mpya ikitoka, machaguo kadhaa yamebadilishwa majina, mengine yamefutwa, na `make olddefconfig` huyajaza mapya kwa chaguo-msingi bila kuuliza. Baada ya matoleo mawili matatu hakuna ajuaye mstari upi uliwekwa kwa makusudi na upi ulijijaza. Faili la Debian au Ubuntu lina mtego wake: `CONFIG_SYSTEM_TRUSTED_KEYS` huelekeza kwenye cheti kisichomo katika msimbo asilia wa kerneli, na ujenzi unakwama. Dawa yake ni `scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`, na kwa Ubuntu ufanye vivyo hivyo kwa `SYSTEM_REVOCATION_KEYS`.

Profaili bora ni kipande cha mistari ishirini au thelathini, kinachowekwa juu ya defconfig kwa `scripts/kconfig/merge_config.sh`. Mwenye `.config` kubwa aanze na `make savedefconfig`, impe yale tu yanayotofautiana na chaguo-msingi. Tahadhari: mstari `# CONFIG_X is not set` si maoni, ni amri ya kuzima. Ukiufuta kwenye kipande ukidhani unasafisha, chaguo hilo hurudi kwenye chaguo-msingi, na huenda likawaka.

Kosa linalopita bila kuonekana zaidi ni la utegemezi. Kipande kikiomba chaguo ambalo tegemeo lake limezimwa, Kconfig, mfumo wa kerneli wa kusimamia machaguo, hulitupa ombi hilo. `merge_config.sh` huonya kwamba thamani iliyoombwa haimo katika `.config` ya mwisho, lakini kerneli hujengeka vizuri tu, na onyo limekwishazama juu ya skrini. Kwenye ujenzi wa kiotomatiki, onyo hilo lihesabiwe kuwa kosa na kazi isimame hapo hapo.

`make localmodconfig` inasifiwa mno kuliko inavyostahili. Husoma orodha ya `lsmod` na kuzima moduli zote (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vinapohitajika) ambazo hazijapakiwa wakati huo, kwa hiyo flashi yenye mfumo wa faili wa exFAT isiyochomekwa leo haitafunguka kesho. Inafaa kwa mashine moja, baada ya kuchomeka kila kifaa chake. Kuigawa kwa mashine kumi tofauti ni kutafuta balaa.

Kila profaili iseme pia kama inategemea initramfs, mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu mashine inapowaka, kabla ya diski kufunguliwa. Isipokuwepo, draiva ya diski na mfumo wa faili lazima viwe `y` (ndani ya kerneli yenyewe), visiwe `m` (moduli): kwa diski ya NVMe yenye mfumo wa faili wa ext4, hizo ni `CONFIG_BLK_DEV_NVME` na `CONFIG_EXT4_FS`. Vinginevyo kerneli huanguka na ujumbe `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Soma hizo namba. Sifuri mbili maana yake diski haikupatikana: ama draiva haimo, ama umeandika `root=UUID=`, kitambulisho cha mfumo wa faili, ambacho kerneli peke yake haikielewi (tumia PARTUUID, kitambulisho cha sehemu ya diski). Zikiwa namba nyingine, mfano (8,1), mara nyingi diski imeonekana na kilichokosekana ni mfumo wa faili.

Kabla ya kuweka kerneli mpya kwenye mashine yoyote, linganisha `.config` ya zamani na mpya kwa `scripts/diffconfig`. Kipande cha mistari ishirini kikileta tofauti ya mistari mia nne, usiwashe upya mashine kabla ya kuisoma yote.

Wasomaji wako