Lebo ya virutubishi huanzia kwenye mizani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasindikaji wa vyakula, hasa wadogo, kuhusu programu za kompyuta zinazokokotoa lebo za virutubishi. Kazi yangu ni kutayarisha lebo hizo, na programu hizi nazithamini kwa dhati, kwani zimemwezesha mtu asiyemudu gharama za maabara kueleza bila kubahatisha kilichomo katika bidhaa yake. Kinachonisikitisha ni kukutana kila mara na lebo ambazo hesabu zake hazina kosa hata moja na bado hazisemi kweli, kwa sababu hakuna aliyepima uzito wa chakula baada ya kupikwa.

Tuchukue biskuti. Unga uliokandwa wenye uzito wa gramu 1,000, ukiwa na gramu 200 za sukari, huingia kwenye oveni, maji yakavukizwa, zikatoka biskuti za gramu 850 huku sukari ikiwa imebaki yote. Aliyeipa programu uzito wa kabla ya kuoka ataandika gramu 20 za sukari kwa kila gramu 100, ilhali mlaji anakula gramu 23.5. Vyakula vya kukaanga vina ugumu zaidi, maana hupoteza maji na papo hapo hunyonya mafuta; na kwa kuwa gramu moja ya mafuta huhesabiwa kilokalori 9, wakati ya wanga au protini huhesabiwa 4, ni lazima mafuta ya kukaangia yapimwe kabla na baada. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Makosa mengine hutokana na kuchanganya kanzidata, yaani hazina za takwimu za virutubishi vya vyakula ambazo hesabu hizi huchotwa humo. Katika takwimu za Marekani, wanga hujumuisha nyuzinyuzi; katika utaratibu wa Umoja wa Ulaya, nyuzinyuzi hutajwa peke yake na kuhesabiwa kilokalori 2 kwa gramu, kwa hiyo anayechota huku na kule bila kuangalia anaweza kuzihesabu mara mbili au kuziacha kabisa. Vilevile lebo za Marekani hutaja sodiamu, za Ulaya hutaja chumvi, ambayo ni sodiamu mara 2.5. Nimewahi kuletewa lebo iliyoandikwa gramu 0.4 za chumvi, kumbe ni miligramu 400 za sodiamu, yaani gramu nzima ya chumvi, na mwenye bidhaa akashikilia kwamba programu haikosei. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeagizwa na daktari apunguze chumvi angeiamini lebo ile, na angekuwa na haki ya kuiamini.

Kwa watengenezaji wa programu nina ombi moja: programu ikatae kutoa lebo mpaka mtumiaji aingize uzito wa bidhaa iliyokamilika, na ioneshe kila takwimu imetoka kanzidata gani. Wasindikaji nao waweke daftari la vipimo, warudie hesabu kila wanapobadilisha malighafi au kiasi chake, na pale uwezo unaporuhusu wapeleke sampuli maabara angalau mara moja, ili wajue hesabu yao imepishana kiasi gani na chakula chenyewe.

Ni mimi,
Mtayarishaji wa lebo za vyakula